Mkanda wa Kufukuzia Ndege

Mama yangu haoni. Macho yalianza kufifia taratibu, tukadhani ni uzee, na tulipokuja kumpeleka hospitali daktari akasema presha ya macho imeshamaliza yote mawili. Anaishi Kasoli, kwenye mji ule ule alioolewa, na kila kitu cha nyumba ile anakijua kwa kupapasa. Nalisema hili mapema kwa sababu hata fundi wa video nilimwambia mapema, na halikusaidia kitu.

Nilimpelekea mkanda wa harusi yangu, ile mikanda minene ya zamani, mkubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Baba hakuwahi kurekodiwa mahali pengine popote. Simu za kurekodi zilipofika kijijini kwetu yeye alishazikwa. Sauti yake ilibaki humo tu, pale aliposimama uani kuniaga mimi na kuwapokea wakwe. Miaka yote mkanda ulikaa kwenye sanduku la bati la mama, umeviringishwa ndani ya khanga, na deki ya kuuchezea ilikuwa imekufa zamani. Mwaka jana, baada ya msimu wa pamba, mdogo wangu wa kiume akafunga sola, akanunua runinga na deki ya DVD. Mama akaniita kutoka Bariadi ninakoishi.

"Kautengeneze ule mkanda uingie kwenye hiyo deki," alisema. "Nataka kumsikia baba yako."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Mjane akitaka kumsikia mumewe, unamuuliza nini?

Fundi ana kibanda chake mjini, si mbali na stendi. Ni mtu mzima mwenye adabu zake, na ukutani amebandika picha za maharusi mpaka rangi ya ukuta haionekani. Nikamweleza kwamba mama haoni, anachotaka ni sauti. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Ondoa shaka, dada. Nitakutengenezea kitu kizuri."

Ningekuwa na akili timamu ningeliogopa hilo neno zuri.

Jumapili baada ya ibada ndugu na majirani walijaa sebuleni Kasoli. Mama tulimweka kwenye stuli, sikio karibu kabisa na runinga. Picha ikawaka. Kwanza yakaja majina yetu kwa herufi za dhahabu, halafu maua yakaanguka kutoka juu ya kioo, halafu mioyo myekundu ikaanza kupaa kutoka chini. Na muziki. Kinanda, kikafuatiwa na kwaya, kwaya ikafuatiwa na mwanamke anayeimba kuhusu pete. Ngoma za siku ile hazikusikika, wala vigelegele, wala shangazi zangu waliokuwa wakipiga kelele hadi wakakaukiwa sauti. Baba akasimama mbele ya watu na fimbo yake, akafungua mdomo, na ndani ya mdomo wa baba yangu ikatoka sauti ya yule mwanamke wa pete.

"Imependeza," jirani mmoja akasema.

"Kama ya juzi tu," akasema mdogo wangu, na watu wakapiga makofi.

Mama aligeuza sikio moja, akageuza na la pili. "Baba yako bado hajafika?" akaniuliza.

"Ndiyo anaongea sasa hivi, mayu."

Tangu hapo hakugeuza sikio tena, akabaki amekaa tu kama mgeni aliyenyimwa maji.

Nilikasirika, na nilikasirikia hata yale makofi. Huku kwetu video ya harusi isiyofunikwa muziki inahesabiwa kuwa mbichi, haijaiva. Bibi harusi analia, mjomba anatoa wosia, bibi mzaa baba anasema jambo ambalo hatalirudia tena duniani, na wote wanafungua na kufumba midomo kama kambale waliotolewa majini, huku juu yao unapita wimbo ambao kila mtu anao tayari kwenye simu. Na tunakaa kutazama, tunakunywa soda, tunasema imependeza. Mdogo wangu alinishika bega, akaniambia hasira hasara. Nilimwambia hasara imeshapatikana, imebaki hasira.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua.

"Sauti ya baba iko wapi?"

Alishangaa kwa dhati, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angedanganya. "Ile sauti ya asili ilikuwa na kelele nyingi, dada. Upepo, kuku, wazee wanaongea Kisukuma. Nikaisafisha."

"Hao wazee ndio niliokutuma."

"Wateja wote wanapenda hivi."

"Nilikwambia mama haoni."

"Ndiyo maana nikaweka nyimbo nzuri," alisema. "Nikaona, mtu asiyeona, angalau apate burudani."

Nikamwambia anifungulie kazi yangu kwenye kompyuta, aondoe hizo nyimbo. Akasema alishafuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Basi anirudishie mkanda, nitaupeleka Mwanza. Hapo ndipo alipoanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Mkanda ukishahamishwa hauna kazi tena," alisema. "Mikanda yote nilimpa shemeji yangu. Ya mpunga."

Asiyelima mpunga nitamweleza. Mpunga ukianza kutoa mashuke, ndege wanashuka kama mvua. Watu huuvuta mkanda wa video kutoka ndani ya gamba lake, wakaufunga kwenye vijiti kuzunguka majaruba. Jua likiupiga unamemeta, upepo ukiupiga unavuma, na ndege wanaogopa kutua. Kila mtu anafanya hivyo. Hata sisi tumefanya, kwa mikanda ya sinema.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada," fundi akasema kwa upole.

Nikamwambia aliyeyamwaga ni yeye, kwa hiyo methali aniachie mimi.

Nilipanda bodaboda mpaka bondeni kwa huyo shemeji. Nilimkuta mke wake anapalilia, akanyoosha mgongo, akanisalimu, "Mwangaluka, mayu." Mikanda ilikuwa imepita kila upande, imeunganishwa kwa mafundo, mingine imekatika na kulala kwenye tope. Sikuweza kujua ipi ni yangu. Ilikuwa harusi na mazishi na vipaimara vya watu wa wilaya nzima, imechanganywa, na yote ilikuwa ikivuma kwa sauti moja. Nilitamani niing'oe yote. Lakini ndege walikuwa wamejaa kwenye miti ya pembeni wakisubiri, na mpunga ule haukunikosea.

"Mwaka huu inafanya kazi vizuri," mama yule akaniambia. "Hawagusi kabisa."

Nikamwambia wabeja, nikaondoka. Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Mama nilimweleza yote bila kuficha. Alisikiliza, kisha akaniambia niwashe runinga na nizime sauti. Tulikuwa wawili tu.

"Niambie anafanya nini."

"Amesimama. Ameinua fimbo, anaielekeza kwa wakwe."

Mama akainua uso. Akasema, kwa Kisukuma, kwa ule ukali wa baba wa kutania: ng'ombe wenu nimewaona, wamenona, lakini msidhani mmenunua. Mmeazima tu.

"Sasa ameninyooshea mimi kidole."

Mama akaendelea kwa ukali ule ule: huyu akiwachosha msimpige. Mwacheni arudi, njia ya kwangu anaijua.

Nililia kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Siku ya harusi sikuyasikia maneno hayo. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ndani ya shela, nikilia kwa kwikwi, kama bibi harusi anavyotakiwa.

"Endelea," mama akasema.

"Amekugeukia wewe. Anakwambia kitu. Watu wote wanacheka. Na wewe umejifunika uso kwa khanga, unacheka mpaka mabega yanatikisika."

Nikasubiri.

"Alikwambia nini, mayu?"

"Nimesahau," alisema. "Nakumbuka nilicheka. Walioketi karibu wote wamekufa. Ndiyo maana nilikutuma."

Nikarudisha nyuma. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo, nikijiambia kama sauti haipo basi nitamsoma midomo. Baba akamgeukia mama. Na pale pale ukapaa ule moyo mwekundu wa fundi, polepole, ukaja kusimama juu ya mdomo wa baba, na haukuondoka mpaka alipomaliza kusema.