Hodi Siku ya Fainali

Binti yangu amefungua kopo jipya la mipira ya tenisi hapa Riyadh, na ile harufu kali imenirudisha Jeddah, kwenye chumba chetu cha mtaa wa Ruwais.

Baba alikuwa akifagia viwanja vya tenisi vya matajiri. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa Slovakia ambaye baba alimpenda tangu enzi zake za kutolewa raundi ya kwanza, na siku moja akafika fainali. Nilitazama kwenye televisheni nimekumbatia kopo tupu aliloniletea baba.

Mlango ukagongwa.

Hatukuwa na ikama, kibali cha kuishi nchini. Mama akazima sauti ya televisheni. "Kimya," alinong'ona. "Watu wetu huita hodi, hawagongi tu."

Kwenye kioo Mslovakia alidundadunda mpira bila mlio, akijiandaa kuanzisha. Baba hakumtazama. Alitazama kitasa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya jirani yetu, fundi cherehani. Mama akashusha pumzi. "Karibu!" akaitikia, na baba akafungua.

Jirani alisimama katikati ya askari wawili, macho chini.

Tulipotolewa nje, televisheni ilibaki inawaka, Mslovakia bado anadundadunda mpira.