Ciakuthii na Mbebaji wa Kaunti

Ciakuthii wa Kanja alishona sare za shule miaka mingi, hata akawa anajua kiuno cha mtoto kwa kumtazama baba yake. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, ile ya kuzungusha, kwa sababu miguu yake haikuwahi kukanyaga pedali wala kitu kingine chochote. Polio ilimpata miaka michache baada ya uhuru. Chanjo nayo ilikuja baadaye, ikamkuta ameshajua kutambaa. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu, ambaye, kama kawaida, hakuulizwa.

Alimzaa Marcella, akamsomesha kwa marinda na mashati, kisha akamwoza kwa kijana mtulivu wa upande wa Mbeere aitwaye Njuki. Njuki alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni adabu. Kwa desturi ya huko, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawakai benchi moja, wala hawapishani njiani. Mkwe akimwona mama anakuja, hujitosa kando, hata kama kando ni mtaro. Vijana wengi siku hizi huikwepa desturi hiyo kwa kusema wameokoka. Njuki alikuwa ameokoka, na bado aliruka mitaro.

Kibanda cha Ciakuthii kilikuwa kando ya barabara, katika mji mdogo chini ya Kanja ambao sitautaja, kwa kuwa utajitambua wenyewe. Mwaka wa tatu wa ugatuzi vibanda vilibomolewa, likajengwa soko la kisasa lenye vyumba vya chini na vya juu. Waliobomolewa wangegawiwa vyumba hivyo. Kwa Ciakuthii hapakuwa na la kuchagua. Cha chini angefungua asubuhi na kushona. Cha juu kingekuwa chake kama mwezi ulivyo wake.

Ili kuzuia ufisadi, kila mtu angejichotea bahati yake mwenyewe, na uchotaji ungefanyika katika ofisi ya soko, ghorofani. Salesio, afisa wa soko, alilitangaza hilo nje ya kanisa.

"Nikimtuma Marcella?" Ciakuthii akauliza.

"Hapana, mama. Ni mkono wako mwenyewe. Tukiruhusu mikono ya kutumwa, kesho mheshimiwa wa wadi atatuma ishirini."

"Na miguu je? Hiyo inatumwa?"

"Hiyo tumeshughulikia," Salesio akasema kwa fahari. "Kaunti inawajali. Tumeandika mbebaji."

Siku ya siku Ciakuthii alifika na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akiisukuma kwa mikono. Ofisi ilikuwa na njia ya mteremko iliyosakafiwa vizuri, yenye vyuma vya kushikilia vilivyopakwa rangi ya manjano. Njia hiyo ilimtoa uani ikampandisha hadi barazani, na baraza ikamfikisha mguuni pa ngazi. Huruma ya serikali iliishia hapo.

"Karibu, mathe!" alisema Mwirigi, askari wa lango, mtu wa Muthara. "Ngoja hapo. Mbebaji yuko, kijana mpya, ameanza Jumatatu. Alikuwa hapa sasa hivi."

Ciakuthii alikuwa amemwona. Alipokuwa akiingia langoni, mtu mwenye aproni ya kijani iliyoandikwa MBEBAJI mgongoni aliiona ile baiskeli, akaruka nyuma ya tangi la maji kama aliyeona nyuki. Ciakuthii aliufahamu mruko ule. Marcella alikuwa amemwambia kwamba Njuki, baada ya miezi ya kuchuma chai ya watu, amepata kazi ya kaunti. Kazi gani, hakusema. Huenda hata Njuki mwenyewe hakuwa ameelezwa atabeba nini, au nani.

Kathambi, muuza ndizi, aliinama mbele yake. "Nyina wa Marcella, panda mgongoni twende. Mimi nimebeba mikungu mizito kuliko wewe."

"Apana, apana!" Mwirigi akaweka rungu katikati. "Kubeba watu ni kazi ya mbebaji. Mkianguka nani atajibu? Mimi?"

"Basi mlete huyo mbebaji wako!"

Mwirigi akaita. Hakutokea mtu. "Huyu kijana leo anafutwa," akasema, kisha akamgeukia Ciakuthii. "Mathe, wewe umepitia hapo kwa tangi. Hukumwona?"

Chini ya tangi vilionekana viatu viwili vyeusi, vile vya harusi.

"Sijaona mtu," alisema Ciakuthii. Alikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani na hakuwa mzoefu wa uongo, lakini huo aliutoa bila kupepesa.

Juu, vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba vilikuwa vikitikiswa ndani ya mkebe, na kila aliyebahatika alipiga kelele: "Chini! Chini!" Kathambi akaitwa, akapanda mbio akiahidi kuwaambia wangoje. Ciakuthii akashuka kwenye baiskeli, akajifunga leso magotini, akaketi kwenye ngazi ya kwanza akiipa ngazi mgongo, akaanza kujisukuma kwa viganja, akipanda kinyumenyume.

Mwirigi alijikuna kichwa. "Hiyo haijakatazwa," akasema.

Ngazi zilikuwa za nje, na anayepanda kinyumenyume huuona uwanja wote. Kwa hiyo, kila alipopanda, Ciakuthii aliona zaidi nyuma ya lile tangi. Njuki alikuwa amechuchumaa, amejifunika aproni kichwani, asije akamwona mama mkwe wake katika hali ile. Neno MBEBAJI lilikuwa limekaa juu ya utosi.

Alipofika juu, Salesio alisimama kwa heshima. "Mama! Tulidhani umeghairi. Kimebaki kimoja. Weka mkono."

"Kama ni kimoja, si unipe tu?"

"Mkono wako mwenyewe, mama. Ndiyo kanuni."

Akaweka mkono uliochubuka ndani ya mkebe, akatafuta kama watu wengine walivyotafuta, akakitoa. Chumba cha juu. Watu wakapiga makofi, wengine kwa kutojua wafanye nini na mikono yao.

"Cha kona," Salesio akamliwaza. "Kina upepo mzuri." Kisha akasogea, akapunguza sauti. "Nimesikia mbebaji alitoroka. Ukilalamika, mama, sheria iko upande wako. Kura inarudiwa yote, na yeye anaenda nyumbani leo hii. Sema neno moja tu."

Kathambi akamfinya bega. "Sema!"

Ciakuthii alitazama nje kupitia mlango uliokuwa wazi. Kule chini, viatu vya harusi vilikuwa bado mahali pake. Akamfikiria Marcella, na mtoto wa Marcella, na chai ya watu.

"Sina lalamiko," akasema.

"Una hakika?"

"Kijana pengine aliitwa na choo. Hata watu wa serikali huitwa."

Salesio aliguswa sana na moyo ule, na mtu wa serikali akiguswa hutoa amri. Mbebaji akatolewa ofisini, akahamishiwa soko lenyewe, amhudumie mama huyu kila asubuhi, kazi ya kudumu.

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Njuki husimama mguuni pa ngazi za soko kabla ya jua kupanda, na aproni yake imepigwa pasi. Baiskeli ikichomoza kwenye kona, hutoweka. Ciakuthii hupanda kinyumenyume, na akifika juu viganja vyake huwa vimevimba kiasi kwamba hushona baada ya saa sita, siku akiweza kushona. Wazazi wengi wameona ni rahisi kununua sare kule chini.

Jioni moja Marcella alimletea mafuta ya kupaka mikononi.

"Ni Njuki amenunua," akasema, macho yakiwa sakafuni. "Anasema anataka kuacha kazi."

"Mwambie asijaribu," alisema Ciakuthii, akijipaka taratibu. "Na akiruka, arukie upande wa kulia. Ule mtaro wa kushoto sasa una maji."