Valvu nane za gari la marehemu baba

Leo mama amenishinda hoja bila hata kubishana.

Mnalijua gari la marehemu baba, lile la miaka ya hamsini. Mama ameomba Jumamosi nimpeleke nalo Kenyamonta kwa dada yake anayeumwa. Lakini valvu za injini zimelika.

Nimetafuta wiki nzima. Zile mpya nilizonunua Sirari, fundi Chacha alizichomeka asubuhi zikacheza.

"Kaka, hizi zimelegea kama jino la mtoto. Hutafika hata Tarime mjini."

Nikaanza kuwashambulia wauza spea feki, mnanijua. Nilikuwa nimeshafika kuilaumu serikali mama alipoita kutoka jikoni.

"Mwita, hizo valvu zina vichwa kama uyoga?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako alichomeka za akiba humu ukutani zikiwa mpya, kazipaka grisi. Alisema mwizi haangalii jikoni. Mimi natundikia vibuyu vya maziwa."

Nikaingia kuzichomoa. Nane. Zote.

Sasa, mimi ndiye ninayewasema humu mtandaoni kila siku wanaume wa Kikurya wanaoona jiko ni la wanawake. Na jikoni kwa mama yangu sikuwa nimekanyaga tangu nilipotahiriwa, mpaka leo.

Chekeni, lakini semeni na ninyi mliingia lini.

Chacha alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akazipima, zikakaa sawasawa.

"Usiondoke," mama akaniambia. "Vibuyu vyangu navyo vinataka pa kukaa."

Nimeshinda humo nikichonga vigingi. Kumbe jiko la mama lina dirisha linalotazama barabara. Miaka yote hii alikuwa ananiona nikirudi.