Siku Niliyoigeuza Laini Nyekundu Kuwa Treni

Kuna aibu ya kuona haya kidogo halafu unasahau, na kuna aibu ya kukufanya ushuke kituo kimoja kabla ya chako ili usikutane na watu. Yangu ni hiyo ya pili. Nilitaka kufa nayo, lakini Mama Bahati ameshaanza kuisimulia kwa mapishi yake (ameongeza hadi kwamba nilizimia, na mimi sikuzimia, nilikaa chini ghafla tu), kwa hiyo afadhali mkisikie kisa kutoka kwangu mwenyewe.

Jina langu ni Wanjiru, ila hapa Stockholm watu huniita Mama Imani. Nakaa Alby, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Jakobsberg, na Jumamosi tunakutana Fittja kwenye kikundi chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili, Warundi, Wakongo, Watanzania na sisi Wakenya wachache. Humo ndani mimi ndiye mwenye Kiingereza. Si kwamba nakijua sana. Nakisema haraka, na mtu akisema jambo haraka watu hudhani analijua.

Mwenyekiti wetu ni Baba Gloria, Mrundi mpole ambaye hata akikasirika huanza na "samahani." Ameoa Mmarekani mweusi anayeitwa Danielle. Walikutana kwenye darasa la Kiswidi, wanapendana kwa Kiswidi, wanagombana kwa Kiswidi, na Kiingereza cha Baba Gloria kinatosha kuomba chumvi mezani. Sasa, mama yake Danielle, Mama Odetta, mwalimu mstaafu, alikuja kuwatembelea, na Baba Gloria akamwomba azungumze na kikundi kuhusu ubaguzi wa rangi kule kwao Marekani. Si ule wa kutukanwa barabarani, huo kila mtu anaujua, bali ule uliokaa ndani ya benki, mashule, mahakama na vituo vya kura, ambao sheria imeshaukataza zamani na bado unaamka asubuhi na kwenda kazini kama kawaida.

Danielle ndiye alikuwa atafsiri, maana Kiswahili amejifunza, lakini yeye ni muuguzi na siku ile zamu yake ilirefushwa, akatuma ujumbe kwamba atachelewa. Baba Gloria akanijia.

"Mama Imani, utanisaidia? Huyu ni mama mkwe wangu. Kwetu mkwe ni yai. Neno likikushinda, samahani, simama tu uulize. Hakuna shida."

"Linishinde wapi, Baba Gloria? Mimi nimesoma Nairobi!"

(Nairobi nimesoma, ndiyo. Nilisomea kupiga chapa.)

Basi ukumbi ukajaa, spika ikawa inapiga nyimbo za injili kutoka kwenye simu yangu hadi watu wakakaa, na mbele kabisa kulikuwa na mama mmoja wa Kiswidi kutoka kommunen, yaani manispaa, aliyealikwa kwa heshima tu. Mama Odetta akasimama. Ni mfupi, nywele nyeupe pe, na ana ile sauti ya mwalimu ambayo ukiisikia unajikuta umekaa vizuri. Nami nikasimama kando yake na maikrofoni yangu, nimevaa kitenge kipya, najiona mkalimani wa kimataifa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Alisema baba yake alikuwa mwanajeshi, akarudi kutoka vitani, akataka kununua nyumba kama wanajeshi wenzake wazungu. Hayo yote niliyatafsiri vizuri, Mungu ni shahidi. Halafu akasema neno moja. Akasema baba yake alifanyiwa "redlining."

Hapo. Ningesimama hapo tu niseme "Mama, samahani, hilo ni nini?", leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini niliangalia watu wote wananitazama, nikamwona Baba Gloria anatabasamu kwa fahari, nikajiambia, nyekundu naijua, laini naijua, na kila asubuhi ya maisha yangu napanda treni ya laini nyekundu hapo Alby, sasa niulize nini? Nikasema kwa sauti kubwa:

"Baba yangu alikuwa mtu wa laini nyekundu!"

Ukumbi mzima ukasema "Eeeeh!" Maana jameni, nani mle ndani hakuwa mtu wa laini nyekundu? Wote walikuwa wamekuja nayo.

Mama Odetta akaendelea, nami nikaendelea. Benki zilikataa kuwakopesha watu wa laini nyekundu. "Kweli!" watu wakajibu. Shule za laini nyekundu zilikuwa duni. "Amina!" Mzee mmoja nyuma akamwambia mwenzake, na nilimsikia vizuri, "Kumbe Marekani nako kuna treni kama yetu hii," na hata hapo sikushtuka, niliona tu kwamba hotuba inapokelewa vizuri.

Halafu akafika kwenye nyumba yake mwenyewe. Alisema si zamani, ni juzi tu, alipotaka kuuza nyumba yake, alikuja mtu wa kuikadiria bei. Neno lake la Kiswahili ni mthamini, nimelijua baadaye. Siku ile lililonijia ni mkaguzi. Na kwa kuwa Mama Odetta alikuwa amepandwa na mori anasema mfululizo, nami nikaanza kufupisha, nikaona ufupisho wangu ni ustadi:

"Mkaguzi akaingia, akaona picha zetu, akatushusha! Tukaondoa picha, rafiki yangu mzungu akasimama mahali pangu, akaja mkaguzi mwingine, huyo akatupandisha!"

(Thamani. Alishusha thamani ya nyumba. Akapandisha thamani ya nyumba. Mniombee.)

Ukumbi ulilipuka. Mama Bahati, Mkongo wetu, mwanamke wa kifua na sauti, akasimama.

"Alors, mkaguzi anashushaka mutu juu ya picha! Hata mimi walinishusha, pale kituo ya Liljeholmen, mbele ya watu!"

"Si kadi yako ya treni ilikuwa imekwisha?" mtu akamuuliza.

"Ilikuwa imekwisha kidogo!"

Akamgeukia yule mama wa kommunen, akaanza kumtolea hoja kwa Kiswidi, kuhusu wakaguzi, kuhusu kuchelewa siku za theluji, na wengine wakaunga mkono, na yule mama wa watu, ambaye Kiingereza anakijua na alikuwa amesikia hadithi tofauti kabisa, akawa mwekundu hadi masikioni. Akasimama akasema kwa upole kwamba angependa kusaidia, lakini yeye anashughulika na miti na bustani.

Mama Odetta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanasema nini?"

"Wameguswa," nikamjibu.

Akaweka mkono kifuani. Machozi yakamlengalenga.

"Muulize," akasema Mama Bahati, "hiyo laini yabo waliifunga lini?"

Nikamuuliza Mama Odetta yale mambo yaliisha lini. Akatikisa kichwa, akasema kwenye karatasi yaliisha zamani sana, lakini bado yanaendelea. Nikatafsiri:

"Kwenye karatasi ilifungwa zamani sana, lakini bado inatembea."

"Yesu wangu!" mzee wa nyuma akasema. "Inatembea bila kibali!"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Treni gani inatembea bila kibali? Jasho likaanza kunitoka chini ya kitenge. Nikajifanya nakwenda kunywa maji, nikageukia meza, nikatoa simu, nikaandika lile neno, yakaja maelezo marefu ya Kiswidi, na kwa kuwa miwani niliiacha nyumbani (ili nipendeze), nikabonyeza kile kitufe cha kusomewa, nikaweka simu sikioni.

Simu ilikuwa bado imeungana na spika.

Sauti ya mwanamke wa Kiswidi, safi, bila haraka, ikajaza ukumbi mzima: ni ubaguzi wa kuwanyima mikopo, nyumba na huduma wakazi wa mitaa iliyochorewa mstari mwekundu kwenye ramani, kwa sababu ya rangi au asili yao. Nikabonyeza ili izime. Ikaanza tena toka mwanzo.

Ikamaliza mara ya pili. Kiswidi kila mtu alikielewa.

"Kwa hiyo," akasema Mama Bahati polepole, "treni hakuna?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama Bahati."

Ndipo nikakaa chini ghafla, na kiti hakikuwa pale nilipodhani kipo. Baba Gloria alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Na Mungu naye ana saa zake, mlango ukafunguliwa, Danielle akaingia na koti lake la kazini, akakuta mkalimani yuko sakafuni, mama yake amesimama hajui kitu, na yule mama wa bustani anajipepea na kofia.

Akaelezwa. Akamweleza mama yake. Nilitegemea Mama Odetta acheke, nijifiche ndani ya kicheko chake. Hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, na Danielle akalitafsiri taratibu.

"Mama anauliza kama mlielewa habari za picha. Kulikuwa na picha ya babu yangu ukutani, amevaa sare za jeshi. Mama aliiondoa kwa mikono yake akaificha chini ya kitanda, ili huyo mthamini asijue nyumba ni ya nani. Anasema kuuza nyumba ilikuwa kazi, lakini kumweka baba yake chini ya kitanda ndiko kulikomwumiza."

Jameni. Kitu kama hicho ndicho nilichokifanya tiketi.

Nikainuka, nikamwendea, nikamwambia, "Mama, nisamehe. Neno lilinishinda nikaona haya kuuliza."

Akanishika mkono. "Baba yangu naye aliona haya kuuliza benki kwa nini," akasema. "Alidhani kosa ni lake."

Halafu Danielle, ambaye watu walikuwa wamemnong'oneza mengine, akamweleza mama yake ile ya kushushwa na kupandishwa. Mama Odetta akamtazama. Akanitazama mimi. Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, akacheka mpaka akashika meza. "Rafiki yangu mzungu akapanda mahali pangu!" akasema. "Mwanangu, hujakosea sana. Ndivyo ilivyokuwa!" Na ukumbi mzima ukacheka naye, na Baba Gloria akatoa uso wake mikononi.

Wakaanza upya, safari hii Danielle anatafsiri. Na sijui kama ni kwa sababu tulikuwa tumeshacheka pamoja, lakini watu walifunguka kuliko nilivyowahi kuona. Mama Bahati, yule yule wa kadi iliyokwisha kidogo, akasema bintiye aliomba kazi mwaka mzima bila kuitwa hata sehemu moja, akaolewa, akaanza kutumia jina la Kiswidi la mumewe, simu zikaanza kulia. "Sura ni ile ile, masomo ni yale yale," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Basi na sisi tulimwekaka babu yetu chini ya kitanda." Yule mama wa miti alikuwa ameshavaa koti aondoke. Akalivua, akakaa. Akamuuliza Mama Odetta, "Ulifanya nini?"

Mama Odetta akasema walilalamika. Majirani waliofanyiwa vilevile walikwenda pamoja naye kutoa ushahidi, ikachukua muda, wakazungushwa, wakarudi, mwisho nyumba ikakadiriwa upya na picha ya mzee ikiwa ukutani, mahali pake. Akaiuza kwa bei yake ya haki. "Baba alikufa mpangaji," akasema. "Mimi nimekuwa na nyumba na nimeipigania. Na mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kwanza, anasomea uthamini wa nyumba. Siku moja yeye ndiye atakayeingia mlangoni na kalamu mkononi. Hatujafika, lakini mnaona tunakotazama?"

Tuliona. Hata mzee wa nyuma aliona.

Kabla Mama Odetta hajarudi kwao tulimwomba aje tena, na Baba Gloria (mtu huyu ataingia mbinguni bila foleni) akanipa maikrofoni, nikae upande mmoja na Danielle upande mwingine. Siku hiyo alizungumzia kura, na katikati akatoa neno refu, gumu, lenye kona kama mkia wa nguruwe. Nililisikia likija. Moyo ukaniambia, Wanjiru, kuna njia ya kulipitia hili. Nikainua mkono.

"Ndugu zangu, hilo silijui."

Walinipigia makofi! Kwa tafsiri zangu zote hawajawahi kunipigia makofi hivyo. Danielle naye akacheka akasema hata yeye Kiswahili chake hakijui, basi Mama Odetta akaomba chapati na kisu. Akaweka punje za maharage juu yake, ndio wapiga kura, akatuonyesha jinsi wenye madaraka wanavyokata mipaka ya majimbo, hapa wananyoosha, pale wanapinda, mpaka maharage yaliyo mengi yanatoka bila kiti bungeni. Tulisimama wote kuizunguka ile chapati, Warundi na Wakongo na yule mama wa bustani (alirudi, na mume wake), kila mtu anabishana wapi kisu kingepita kwa haki.

Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu. Neno nisilolijua silivishi tena nguo za neno ninalolijua. Nitasimama mbele za watu na kitenge changu kipya, niulize. Aibu yake ni ya dakika moja, nimeipima.