Kuinama Mbele ya Ofisa

Binamu yangu Lusia Faleafa hupiga pasi mashuka ya hospitali, huku magharibi mwa Sydney, na tangu mwanawe Petelo auawe haivumilii rangi ya njano. Bunduki ya umeme iliyomwangusha ilikuwa ya njano. Fulana ya njano ya msimamizi ikipita tu kati ya mashine, mikono inamlegea na shuka linaungua.

Petelo alikuwa mgonjwa wa akili, mpole, sauti nzito ya kwaya yetu. Jioni ile alikuwa akiongea peke yake barabarani, jirani akaita polisi. Ofisa akasimama kati yake na lango la kwao. Petelo akafanya anachofanya Msamoa yeyote anapopita mbele ya mtu wa kuheshimiwa: akainama, akanyoosha mkono mbele, akasema "tulou", niwie radhi, napita. Ofisa alieleza kwamba alishambuliwa. Alifyatua, akaendelea kubonyeza. Moyo wa Petelo ulisimama palepale langoni.

Siku ya kuchunguza kifo chake mahakamani, Lusia aligoma kushuka garini.

"Nenda wewe, Sefina. Si unapenda kusema?"

"Sikumzaa mimi. Shuka, kabla sijakubeba mgongoni watu wakatucheka."

"Kiuno hicho? Tutazikana hapa hapa."

Akacheka, kisha akanikamata mkono.

"Yule ofisa atakuwepo?"

"Atakuwepo. Ila mle ndani hatakuwa na silaha."

Lusia alipokwisha kueleza mahakamani maana ya tulou, wakili wa polisi akamuuliza bila kupandisha sauti. "Mama, anayeomba njia huja kichwa chini, mkono mbele?"

"Ndiyo, bwana."

"Na anayekuja kukupiga?"

Lusia akanigeukia mimi. Kama angeishia hapo, ingeandikwa kwamba mwanawe alikufa akimshambulia askari.

Hakimu, mama mwenye mvi, akamwambia taratibu, "Unaweza kutuonyesha, Mama Faleafa?"

Nafasi ya kupita ilikuwa moja tu, mbele ya meza ya yule ofisa. Lusia akainuka, akakaa. Akautazama mlango. Akainuka tena, na alipomkaribia ofisa akainama, akanyoosha mkono.

"Tulou."

Mkono wa ofisa ukashuka ghafla kiunoni, ukapapasa mahali patupu.

Tuliona sote. Hata wakili aliacha kupekua karatasi zake.

"Ofisa," hakimu akasema, "weka mikono mezani."

Akaiweka. Hakimu akaandika, akaandika.

"Ahsante, mama. Rudi ukakae."

Lusia alikuwa amejibana ukutani, upande wa pili wa ile meza, macho yake kwenye mikono ya yule mtu. Kurudi kulitaka apite tena mbele yake. Akaniita kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyeachwa sokoni:

"Sefina, njoo unichukue."