Kizingiti cha Fundi Pimamaji

Mtaa wenyewe uko bondeni, kati ya barabara ya lami na ufuo, na maji yakitaka kupita hayabishi hodi. Mvua ikinyesha siku mbili, vitanda vyote vinapandishwa juu ya matofali, manne kila mguu, na watu wanalala puani mwa dari kama popo. Ikinyesha siku nne, majirani wanaacha kusalimiana. Siku ya tano wanatukanana, maana kila mtu ana hakika kwamba maji yaliyomo chumbani kwake yametoka kwa mwenzake. Na mara nyingi huwa ni kweli.

Katika ugomvi huo aliishi mtu mmoja aliyeneemeka nao. Alikuwa mwashi, mwembamba kama ufito, na kwapani hakukosa kile kipande cha mbao chenye kichupa cha kupimia usawa. Hata mazikoni alikwenda nacho, na mara moja aliwaambia wachimbaji kwamba kaburi limeinama upande wa miguu. Ndipo watu wakambandika jina la Pimamaji, naye akalipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuinua vizingiti. Mwenye duka aliinuliwa kizingiti tofali moja. Maji yalipofika hapo yakageuka, yakaingia kwa kinyozi. Kinyozi akamwita Pimamaji, akaweka matofali mawili. Maji yakageuka tena, yakaingia nyumba ya tatu, na nyumba ya tatu ikamwita nani? Kufika mwaka wa sita, kuingia nyumba yoyote mtaani ilibidi unyanyue mguu kama mtu anayepanda punda. Wazee waliingizwa kwao kwa kubebwa. Fundi alikuwa kama daktari anayetembeza homa na dawa yake kwenye kikapu kimoja.

Tena vizingiti vyenyewe havikumaliza misimu miwili. Vilianza kutoa unga mweupe, kisha vikamumunyuka kama biskuti kwenye chai. Akiitwa kuvitazama, Pimamaji alichuchumaa, akakuna kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa huzuni. Bahari hiyo, aliwaambia, bahari ya hapa ni kali. Nao wakaichukia bahari, wakampa kazi upya.

Siri ilikuwa mchanga. Mchanga wa mtoni unaletwa na lori na lazima ununuliwe. Mchanga wa pwani uko pale pale umelala bure, na Pimamaji aliuzoa kwa toroli alfajiri, watu wakiwa bado wanakoroma. Sasa chumvi na saruji havipikiki chungu kimoja. Hilo hata mimi niliyeikimbia shule darasa la sita, nikiwa wa kwanza kwa mbio kama si kwa hesabu, nalijua. Yeye alilijua kunizidi.

Nyumba iliyopakana na yake ilikuwa ya shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke muuza mkaa mwenye mikono ya kubeba magunia na ulimi wa kubebea mengine. Katikati ya nyumba hizo mbili palikuwa na uchochoro, na maji yote ya barabarani yalishukia humo kwenda kwenye mtaro wa nyuma. Yalikuwa yakipita, yanalamba ubavu wa nyumba ya Pimamaji, yanaacha ukungu. Msimu uliopita alichoka kulambwa. Akajenga ukuta mdomoni mwa uchochoro, mrefu kufika kifuani. Maji yakaja, yakagonga ukuta, yakatafuta pengine, na pengine penyewe palikuwa ghala la shemeji. Magunia ya mkaa yakawa uji mweusi.

Kama hilo halikutosha, Pimamaji akafanya la pili. Mama mkwe wake, kikongwe asiyesimama kwa sababu ya nyonga, alikuwa anaishi kwa huyo binti mkubwa. Siku ghala lilipojaa, fundi alivuka maji, akambeba kikongwe mgongoni, akapita naye katikati ya mtaa akisema kwa sauti ya mnadani kwamba mama wa watu anastahili sakafu kavu. Muuza mkaa alisimama mlangoni, maji magotini, akimwona mama yake anaondoka kama kochi linalohamishwa.

Tangu hapo dada na dada hawakusemezana. Kila asubuhi walifagia nyua zao wakiwa hatua sita tu mbali, kila mmoja macho kwenye fagio lake. Mama mkwe naye hakumshukuru mtu. Alilala chumba cha nyuma, kavu kabisa, akahesabu makosa ya mkwewe kwa vidole.

Msimu huu redio ilitangaza kwamba tufani linakuja, na la safari hii si la mchezo. Mke wa Pimamaji akamwambia mumewe auvunje ukuta wa uchochoroni mapema, la sivyo dada yake atazama.

"Anunue matofali," Pimamaji alijibu. "Fundi yupo."

Badala ya kuvunja, akajenga. Aliinua vizingiti vyake mwenyewe, cha mbele na cha nyuma, mpaka kiunoni. Na hapo ndipo lori la mchanga wa mtoni lilisimama mlangoni kwake kwa mara ya kwanza. Alichekecha, akachanganya saruji kwa mkono wa ukarimu, akamwagilia maji asubuhi na jioni kama mtu anayelea mche, akapiga lipu mara mbili. Hakuacha hata tundu la kupitisha mpira wa maji. Fundi anayeanza huacha tundu chini ya kizingiti na kulizibia kitambaa, ili siku ya kudeki maji yapate pa kutokea. Pimamaji aliona tundu ni dosari. Alimwita kinyozi akipige teke kizingiti. Kinyozi akapiga, akachechemea siku mbili.

Mkewe aliuliza, maji yakiingia kwa juu je? Pimamaji alicheka mpaka akakohoa. Mafuriko, alisema, hayajui ngazi.

Tufani lilifika saa nane mchana. Mbingu ikawa rangi ya sufuria kuukuu, upepo ukaanza kuvuta vitu barabarani, kwanza ndoo, halafu mabango, halafu kibanda cha kinyozi chenye kioo na kila kitu. Pimamaji alikaa kitini akiwa amekunja nne, akiyatazama maji yakifika kwenye kizingiti chake na kushindwa. Alikuwa bado anatabasamu upepo ulipotia vidole chini ya paa la sebule na kung'oa mabati matano kwa mpigo.

Mvua ikaingia kama inayomwagwa kwa pipa. Hapakupita muda maji yakawa magotini, na ya ndani yakawa juu kuliko ya nje. Pimamaji akachukua karai, akaanza kuchota na kurusha nje, na upepo ukamrudishia usoni alichorusha. Vizingiti havikupoteza hata tone. Alikuwa amejijengea tangi, akahamia ndani yake na familia.

Katikati ya kelele hizo akasikia mshindo mwingine, mzito, wa taratibu. Alichungulia dirishani. Shemeji yake alikuwa uchochoroni, kanga imefungwa kiunoni, ameshika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, anaushughulikia ukuta. Ule ulikuwa wa mchanga wa pwani, nao ulikuwa unaondoka vipande vipande bila ubishi.

"Shemeji, ukuta huo ni wangu," Pimamaji alipaza sauti.

"Na maji haya ya nani?" muuza mkaa alijibu bila kugeuka, akapiga tena.

Angeendelea kumtukana, na matusi alikuwa nayo ya akiba, lakini kutoka chumba cha nyuma ukaja mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni kavu. Alikimbilia huko, maji yakimshika mapaja. Mama mkwe alikuwa kitandani, juu ya matofali, na maji yalishaanza kulamba godoro. Nyuma ya kichwa chake lipu ilikuwa imebanduka, na ukuta umetokeza tumbo kwa nje.

Pimamaji hakuhitaji kichupa kuusoma ule ukuta. Aliujenga mwenyewe ujanani, kwa mchanga ule ule wa bure. Maji yalikuwa yanasukuma pande zote, na kizingiti cha mchanga wa mtoni kisingekubali kuachia. Ungeachia ukuta, na ungeondoka na kikongwe. Kumtoa nje haikuwezekana, maana mabati yalikuwa yanaruka barabarani kama visu. Lazima maji yatoke, na yatoke sasa hivi.

Akachukua nyundo yake ya kazi, akaipiga kwenye kizingiti cha mbele. Ikadunda kama mpira. Akapiga tena, ikadunda tena. Haki ya Mungu, kwa kitambo kidogo alijivunia.

Ni mkewe aliyekwenda dirishani. Alivuta pumzi, akaita neno ambalo hakulitamka msimu mzima.

"Dada. Mama yumo ndani na ukuta unaanguka."

Nyundo uchochoroni ikanyamaza. Muuza mkaa akaja akiinama, akiambaa na ukuta, na nyuma yake kinyozi, amejifunga kamba kiunoni, amekuja kusaidia kwa kuwa kibanda cha kukaa hana tena. Mwanamke akasimama nje ya kizingiti, akainua nyundo, akashusha. Kikatoka kikovu kama cha ukucha. Akashusha mara ya pili, ya tatu. Akasimama, akakitazama kizingiti, halafu akamtazama aliyekijenga.

"Shemeji, humu umetia nini?"

"Wewe piga."

"Changu nilikitoa kwa kisigino."

"Piga, shemeji, nakuomba. Ukuta unaondoka."

"Nauliza hivi," muuza mkaa akasema, mvua ikimtiririka kidevuni. "Changu na hiki vimejengwa na mkono mmoja."

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya kikongwe, wala haikuwa na haraka. "Mjibu, mkwe. Mimi huku godoro limeshalowa."

Maji yalimfika Pimamaji mapajani, na bado ile kauli ilikataa kutoka, kama jino bovu lenye mizizi.

"Chako ni mchanga wa pwani," akasema.

"Cha kinyozi?"

"Cha kinyozi pia."

Kinyozi, aliyesimama pale pale na kamba yake, aliutazama mguu wake.

"Mtaa mzima?"

"Mtaa mzima."

Muuza mkaa alipitisha nyundo juu ya kizingiti, mpini mbele, akamwekea mikononi. "Vunja mwenyewe," alisema. "Mimi siwezi kuharibu kazi nzuri."

Akavunja. Alijua kiungo kilipo, pale tofali la pembeni linapokutana na fremu, na hata hivyo ilimgharimu mapigo kumi na moja, kila pigo likimrudi mpaka kwenye meno. La kumi na mbili likatoka na kipande kikubwa kama gunia la mkaa, na maji yakakimbilia hapo na ndala, vikombe, mto na kiti cha kukunjia nne. Yalishuka uani, yakaingia uchochoroni, yakapita palipokuwa na ukuta, yakaenda mtaroni. Mwanamke asingeuvunja kwanza, yangekwenda moja kwa moja kumalizia ghala lake. Fundi alilijua hilo. Alilijua pia shemeji yake, maana alikuwa anamtazama.

Ukuta wa nyuma ulibaki umeinama, haukuanguka. Upepo ulipopungua, muuza mkaa na kinyozi walimtoa kikongwe juu ya mlango uliong'olewa, wakampeleka nyumba ya pili, kwa binti mkubwa. Mke wa Pimamaji alifuata na shuka kavu mbili alizozipata juu ya kabati. Alipita ubavuni mwa mumewe kama unavyopitwa mlingoti.

Habari ilizunguka mtaa kabla maji hayajakauka. Kinyozi alipendekeza apigwe, na waliounga mkono walikuwa wengi. Muuza mkaa ndiye aliyekataa. Alisema mkono ukivunjika kazi atafanya nani? Wakakata kauli: vizingiti vyote vivunjwe, vijengwe upya, vyote kimo kimoja, tofali moja tu, kila kimoja na tundu lake, kwa mchanga wa mtoni, na uchochoro ubaki wazi. Mchanga ataleta yeye. Hakuna atakayemsalimia mpaka kiishe cha mwisho.

Alianzia kwa shemeji yake. Muuza mkaa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya rundo la mchanga, mwavuli mkononi. Kila toroli likifika, kabla halijaguswa na saruji, alichukua mchanga kidogo kwa vidole viwili, akauweka ulimini, akasubiri akimkodolea macho fundi, kisha akatema karibu na mguu wake. Hapo ndipo alipoitikia kwa kichwa kuruhusu kazi.

Toroli la nne, mkewe alitokea mlangoni. Pimamaji akaweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akamuuliza kwa sauti ya chini atarudi lini nyumbani, kwamba mabati ameshayarudisha na ule ukuta wa nyuma ataujenga upya, tena vizuri. Mkewe aliinama kwenye toroli, akachukua mchanga kwa vidole viwili, akauweka ulimini. Alisubiri muda mrefu kuliko dada yake.

Akatema. "Endelea," akasema, akarudi ndani kwa mama yake.