Dhahabu ya Jina la Mama Nabintu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikipita Nateete. Nilikuwa msichana mwenye mikono ya nguvu na mdomo usio na breki, nikichonga mawe ya makaburi katika karakana ya Mzee Ombati palepale, Mkisii aliyehamia Kampala kabla sijazaliwa. Mimi nilichonga herufi. Yeye alizivisha dhahabu, na hiyo kazi hakumwachia mtu.

Dhahabu yenyewe ni karatasi nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Ukihema vibaya inaruka. Kwanza gundi hupakwa ndani ya herufi, kisha unangoja mpaka ikaribie kukauka lakini isikauke. Ukiwahi, dhahabu inazama na kufifia, ukichelewa, haishiki. Mzee aliipima gundi kwa kuigusa na fundo la kidole, huku ameinamisha sikio kama anayeteta na jiwe. Siku za kwanza nilimcheka moyoni. Baadaye nilikoma, maana sikuwahi kuona herufi yake ikibanduka.

Wiki hiyo mvua haikutupa nafasi, na jiwe la Mama Nabintu lilikuwa limelowa. Mama huyo alikimbia vita Kongo, akafia hapa. Mwanawe mkubwa, Bahati, muuza vitenge wa Kisenyi, alitaka akazikwe kwao. Binti yake Riziki, mwenye saluni Kyebando, akasema njia si salama, akamzika Kampala. Tangu mazishi hawakusemezana. Jumamosi ilikuwa sala ya kuweka jiwe, na wakubwa wa ukoo wangekuja. Bahati alituambia waziwazi kwamba kaburi lisipokuwa na jina, mama yake atakuwa kama mtu aliyetupwa ugenini.

Ijumaa asubuhi jiwe likakauka, Mzee akapaka gundi. Jioni Riziki akaingia na draya ya saluni mkononi.

"Mzee, tukaushe na hii. Batu banakuya kesho," akasema kwa Kiswahili cha Kongo, yaani watu wanakuja.

Mimi mjuaji nilikuwa nimeshaanza kutafuta soketi.

Mzee aliipokea draya kwa heshima, akaiweka kwenye kiti. "Binti yangu, hii ni ya nywele. Gundi itashika ngozi juu, chini ibaki maji. Jina la mama litang'aa kesho, halafu litoke. Unataka la kesho ama la wajukuu?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, umelichonga hili jina vizuri hivi, halafu unataka niliharibu ndio tulale mapema?"

Riziki akalia. Mzee akamngoja anyamaze, akamwambia gundi itakuwa tayari asubuhi wakati wa sala, na dhahabu ataibandika palepale kaburini. Tukalifunika jiwe kwa sanduku la mbao, vumbi lisiingie.

Kesho yake tukalipeleka jiwe makaburini, na huko kukawa na upepo. Watu wamevaa, mchungaji ameshika Biblia, na Mzee anauambia umati mzima usogee. "Nisaidieni. Simameni hapa, mzuie upepo."

Akina mama wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavinyoosha kuzunguka kaburi. Upande upepo ulikotokea palikuwa na kitenge kimoja kipana. Riziki alishika upande mmoja, na aliyeshika wa pili alikuwa Bahati. Hakuna aliyewapanga.

Mzee akagusa gundi, akaitikia kwa kichwa. Akapitisha brashi shavuni ipate mafuta kidogo ya kunasia dhahabu, akanyanyua karatasi, akailaza, akaishindilia kwa pamba taratibu. Mchungaji mwenyewe alibana pumzi. Herufi moja ikawaka, ikafuata nyingine, hadi jina zima likasimama. Nimeona maharusi, mwanangu, nimeona na wakubwa wakipita kwa ving'ora, lakini heshima kama ile sijaiona tena. Nilimpenda yule mzee siku ile kama baba yangu.

Kazi ilikwisha, vitenge vingine vikashushwa. Bahati alikuwa amechoka mikono, lakini kitenge chao hakukishusha. Alimtazama dada yake.

"Sasa mama iko na kwake," akasema.

"Ndiyo, kaka," Riziki akajibu.

Basi nisikilize, maana ninyi ile methali ya haraka haraka haina baraka mnaisoma kwenye kanga na kuiacha kwenye kanga. Anayeijua kazi akikwambia bado, tulia, anakulinda. Usione haya kuwaomba watu wasimame nawe. Mzee Ombati alikuwa bingwa, na bado aliomba. Na ukigombana na ndugu yako, usikae ukingoja nani aanze kuomba radhi. Tafuteni kitu mnachokipenda nyote wawili, mkishike pamoja mpaka mikono iume.

Mungu akupe mkono mtulivu. Akupe watu wa kukuzuilia upepo. Na siku jina lako litakapoandikwa, liandikwe na mtu asiye na haraka.